Mkono wa Fundi Makochi

Mwanamume aliyekaa kwenye ndoa miaka kumi na kitu anajua mkewe humshika lini na kwa sababu gani. Fundi makochi alijua. Mkewe humshika bega anapotaka kupita, humshika paji la uso akiwa na homa, na humshika shati anapotaka kutoka nalo ilhali ni chafu. Zaidi ya hapo walikuwa watu wa kuheshimiana. Kwa hiyo jioni ile, wameshakula, televisheni inasoma habari, mkewe aliposogea karibu, akauchukua mkono wake wa kushoto, akaulaza mapajani na kuanza kuupapasa kwa vidole viwili pale kiwiko kinapokunjikia, fundi alifurahi kidogo tu. Kisha machale yakamcheza.

Aliendelea kutazama habari bila kusikia hata neno, huku akimtupia mkewe jicho la pembeni. Mkewe alikuwa amefumba macho. Alibonyeza, akaachia, akasogeza vidole, akabonyeza tena, kama mtu anayetafuta swichi kwenye chumba kisichokuwa chake. Alipotosheka aliurudisha mkono mahali pake juu ya kochi, akaenda kuosha vyombo. Hakutoa maelezo, na fundi hakuuliza. Ataanzia wapi mwanamume kumhoji mkewe kwa kosa la kumshika mkono?

Jioni iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata. Ikawa desturi. Fundi akawa anakaa kwenye kochi lake bovu anasubiri kupapaswa na huku anajiuliza. Kochi lilikuwa bovu kweli. Mtaa mzima ulikalia kazi ya mikono yake, ila kwake springi zilichoma makalio ya wageni. Zamani mkewe alikuwa akilalamika kuhusu kochi hilo kila anapolipangusa. Siku hizi hakulalamika tena, jambo ambalo nalo, fundi alipolifikiria, halikuwa la kawaida.

Mke huyo alikuwa mpiga pasi wa hoteli tangu usichana wake. Hoteli ilipofungwa alikaa nyumbani mpaka akachoka kukaa, akamwambia mumewe kwamba anataka kurudi shule. Kuna chuo nyuma ya hospitali kinafundisha wasaidizi wa maabara, ngazi ya chini kabisa, na hakiulizi mtu amemaliza sekondari mwaka gani. Fundi alikubali kwa moyo mweupe, na alipenda watu wajue kwamba alikubali kwa moyo mweupe. Alitoa sharti moja tu. Mambo ya kuchomanachomana sindano hakutaka kuyasikia nyumbani kwake.

Sharti hilo lilikuwa na historia. Mtoto wao wa kwanza alipopelekwa kliniki kuchanjwa, aliyeanguka ni baba. Alianguka chini mzima mzima, na muuguzi ikabidi amwache mtoto amhudumie yeye, akina mama wote kwenye benchi wakitazama. Kazini fundi alijichoma kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea makochi, kila wiki, akafyonza kidole na kuendelea kushona. Lakini sindano ya hospitali, ile yenye bomba, ilimwondolea nguvu za magoti hata ikiwa kwenye picha. Mkewe aliitikia sharti bila kubisha. Alimweleza kwamba kozi yenyewe ni kuosha vichupa, kubandika lebo na kuchungulia darubini. Fundi akatulia.

Sasa utulivu ulikuwa umekwisha, maana mtu akishaanza kushuku hata salamu ina mashaka. Fundi aligundua kwamba mkewe anavaa mikono mirefu. Joto lilikuwa la kuyeyusha gundi karakanani, watu wanatembea na vitambaa vya kujipangusia, mama watoto amejifunga vifungo mpaka kwenye viganja. Alipomuuliza, alijibiwa kwamba darasani kuna feni kali. Asubuhi moja akamkuta anafua. Alikuwa amejisahau, mikono iko wazi, na kwenye mkono wa kulia, upande wa ndani, kulikuwa na alama ya bluu inayoelekea kuwa njano. Mkewe aliishusha mikono ya nguo haraka akasema amejigonga kwenye meza. Fundi alikuwa ametengeneza meza nyingi maishani, akajaribu kuifikiria meza inayomgonga mtu ndani ya kiwiko. Hakuipata.

Halafu kikaja kipande cha mpira. Alikikuta chini ya mto alipokuwa anatafuta miwani. Kilikuwa laini, bapa, urefu wa kufunga kitu na kukaza. Alikivuta kikavutika, akakiachia kikamchapa. Alikaa kitandani akikitazama na kuwaza mambo ambayo si vizuri kuyaandika yote, kisha akakirudisha palepale na kukisawazisha kama alivyokikuta. Aliumia, tusifichane. Alikuwa anampenda mkewe. Hakuwa na mazoea ya kulisema neno hilo, na sasa alihisi pengine kuna mtu mwingine analisema.

Mtu wa kumwambia alikuwa mmoja, naye ndiye asiyefaa kuambiwa. Dada yake mkubwa alishona mapazia kwenye kibanda kilichopakana na karakana, ukuta kwa ukuta, na kazi yake ya pili ilikuwa kuangalia mtaa kupitia mapazia hayo. Fundi alianza kwa mbali, akasema siku hizi wifi yako ananishika mkono jioni. Dada mtu alizima cherehani.

"Kaka," alisema, "mwanamke wa umri wake akianza kukupapasa ghafla, jiulize anakuomba msamaha wa nini."

Kisha akatoa aliyokuwa ameyaweka. Alimwona wifi yake nje ya lango la chuo amesimama na mwanamume mwenye kifua cha kabati, kavaa fulana isiyo na mikono. Wifi yake alikuwa ameushika mkono wa mtu huyo kwa mikono yake miwili, anaugeuzageuza, anauminyaminya, mchana kweupe, na wote wawili wanacheka. Alikuwa amenyamaza kwa sababu yeye si mtu wa maneno. Hapa fundi alimtazama, ila hakubisha. Dada akapendekeza kikao cha familia Jumapili. Angemwita baba yao mdogo. Wifi aulizwe mbele ya watu wazima, chuo kikome, na akishindwa kujieleza arudi kwao akapumzike.

Fundi alijua kikao cha dada yake kikishakaa hakisimami bila kuvunja kitu. Akaomba aachiwe kwanza aende akaone kwa macho yake, na kama ni kweli, basi hicho kikao atakiitisha mwenyewe.

Alikwenda Ijumaa. Alifunga karakana, akachukua mfuko wa vifaa, maana mwanamume mwenye mfuko wa vifaa haulizwi anazurura nini. Njia nzima alikuwa anapanga maneno atakayomwambia kifua cha kabati, na kila alipoyapanga yalitoka mafupi zaidi. Langoni mlinzi alimtazama usoni, akatazama mfuko, akatazama shazia zilizochomekwa kwenye kola ya shati.

"Wewe ndiye fundi wa viti vya damu?" mlinzi aliuliza. "Mbona umechelewa hivyo? Tumekusubiri mpaka tumekata tamaa."

Mtu mwaminifu angekana. Fundi alisema ndiyo, foleni ya kazi ilikuwa kubwa.

Mlinzi alimpitisha kwenye korido inayonuka spiriti mpaka kwenye chumba kirefu chenye madirisha ya juu. Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake inaning'inia kwa uzi shingoni, na hakupoteza muda kumsalimia. Alimwonyesha kiti cha pembeni, nyuma ya pazia la magurudumu lililosukumwa kuziba kona. Kilikuwa kiti chenye ubao mpana wa kuegemeza mkono, na mto wa ubao huo ulikuwa umechanika, sponji iko nje. Mwalimu akamwonya asigonge nyundo wala asikohoe, leo ana mtihani.

Fundi akapiga magoti nyuma ya pazia. Lilikuwa limeshonwa vibaya, dada yake angelicheka, na katikati kulikuwa na upenyo wa kutosha jicho moja. Aliliweka jicho hapo. Mkono wake ulishika shazia na kujifanya unafanya kazi.

Aliona meza ndefu, trei, pamba, vichupa vya vifuniko vya rangi. Mwishoni mwa meza kulikuwa na mkono wa mpira wa kufundishia, umetobolewa na wanafunzi wa miaka yote mpaka unavuja maji mekundu kwenye beseni. Wanafunzi walikuwa vijana watupu, wasichana wengi, na katikati yao alikuwepo mkewe. Alikuwa na koti jeupe, mikono imekunjwa mpaka juu ya viwiko. Fundi aliitazama mikono hiyo. Ilikuwa na nukta nukta na mabaka, ya bluu, ya njano, ya zambarau. Mbele yake, mkono umelala juu ya meza, alikaa kifua cha kabati. Wenzake walimwita Vyuma.

Mkewe akamfunga Vyuma mkono kwa kipande cha mpira. Akaweka vidole viwili palepale, kwenye kunjo la kiwiko. Akafumba macho. Akabonyeza, akaachia, akasogeza, akabonyeza tena.

Fundi alijua kila mguso kabla haujafika. Shazia ikamwingia kwenye dole gumba na hakuisikia. Hasira zilimpanda, akataka kutoka, na angetoka kama jicho lake lisingehamia kwa watu wengine. Msichana wa jirani alikuwa anampapasa mwenzake, macho kafumba. Na aliyemfuata, na wa nyuma yake. Chumba kizima kilikuwa kinapapasana mikono kwa macho yaliyofumbwa, wawili wawili, na mwalimu anapita katikati akisema weka macho pembeni, mshipa unatafutwa kwa kidole, mshipa unadunda kama springi ukiubonyeza. Akafika kwa mkewe akasimama.

Alimsifu. Alisema mwanzo wa muhula Mama Pasi, ndivyo walivyomwita, alikuwa anabonyeza mikono ya watu kama anakanda unga, na majaribio ya kwanza alianguka kwa sababu hiyo. Nani amemfundisha?

"Nina mkono wa mazoezi nyumbani," alijibu mkewe. "Wa baba watoto. Kila jioni naupapasa, mishipa yake imejificha kabisa, ukiipata hiyo unapata ya mtu yeyote. Hajui. Masikini, anadhani ni mapenzi."

Darasa likaangua kicheko. Vyuma alicheka, mwalimu alitabasamu, na mkewe naye akacheka, kicheko chake kile cha kuweka kiganja mdomoni.

Nyuma ya pazia fundi alibaki amepiga magoti. Mzigo wa wiki kadhaa ulimtoka kifuani, na mahali ulipotoka pakaanza kuuma. Alikuwa amekuja kumfumania mwanamume, akajifumania mwenyewe. Kumbe zile jioni alizokaa akijiuliza anaombwa msamaha wa nini, hakuna aliyemwomba kitu. Alikuwa kifaa cha kazi, pamoja na darubini na vichupa. Alitamani kuondoka kimyakimya. Akainua kichwa kutafuta mlango, na hapo ndipo alipoona Vyuma ameichomoa sindano kwenye kifuniko chake, anaiingiza kwenye mkono wa mkewe, na damu ya mkewe inapanda ndani ya kichupa, nyeusi, polepole.

Alianguka na pazia. Pazia likaangukia trei, trei ikaangukia sakafu, na mlio wake ukasikika mpaka langoni.

Alipozinduka alikuwa chini ya meza, miguu imeinuliwa juu ya kiti, na uso wa kwanza aliouona ulikuwa wa mkewe. Vidole viwili vilikuwa kwenye kifundo cha mkono wake. Alimtazama fundi bila kupepesa. Hakusema "baba watoto", na fundi akaelewa kwamba bado hajamtaja kwa watu.

Sasa hapa pana jambo la kueleza. Mazoezi, kama yale ya kabla ya mtihani kuanza, wanafunzi hufanyiana wenyewe, lakini mtihani haufanywi kwa mwenzako, kwa sababu mishipa ya mwenzako umeshaikariri. Mtihani hufanywa kwa mkono mgeni, mkono ambao hujawahi kuuchoma, na unaruhusiwa kuchoma mara mbili tu. Ukikosa zote mbili, umekosa. Siku hiyo kila mwanafunzi alikuwa ametafutiwa mtu: mfagizi, dereva wa gari la hospitali, mpishi wa wagonjwa. Mkono wa Mama Pasi ulikuwa wa mlinzi wa lango. Na mlinzi, aliposikia kishindo, alikuja mbio, akaona mwanamume mzima kalala chini midomo myeupe, akauliza amefanywa nini, akaambiwa ameona sindano. Alirudi langoni kinyumenyume. Alipotumwa mtu kumwita, mlinzi aliapa kwamba kazi yake ni kulinda na damu yake hakuiandikia mkataba.

Mwalimu alivua miwani akaifuta. Alisema bila kuzungukazunguka kwamba asiyekuwa na mkono hana mtihani, na kanuni inajulikana: Mama Pasi alishaanguka mara moja, hii ni ya pili, ya tatu haipo. Angesikitika, lakini angemwandika ameshindwa. Mkewe alisimama katikati ya chumba, mikono yake yenye mabaka imening'inia. Mikono ile ndiyo iliyomwambia fundi yote. Mtu hachomwi hivyo kwa mchezo.

"Huyu hapa," alisema Vyuma, akimwonyesha fundi. "Si ana mikono?"

Mwalimu akamgeukia fundi, akamuuliza kama yuko tayari kusaidia. Fundi alifungua mdomo. Mkewe akamwahi.

"Mwalimu, mkono huu naujua. Huyu ni mume wangu."

Wasichana wakatupiana macho, na mmoja, aliyecheka zaidi kuliko wote, akaweka kiganja mdomoni. Mwalimu alimtazama fundi, akatazama kiti kilichochanika na shazia zilizotapakaa sakafuni, akaamua kwamba hayo si ya somo lake. Alimuuliza Mama Pasi kama amewahi kumchoma. Akajibiwa hajawahi hata mara moja. Ameushika tu, na mwenyewe anaogopa sindano kuliko kitu chochote duniani. Mwalimu alifikiri kidogo. Kanuni inasema kuchoma, haisemi kushika.

"Nichomeni," fundi alisema, na sauti ilitoka ya mtu mwingine.

Akakalishwa kwenye kiti kilekile alichokuja kukitengeneza, mkono juu ya sponji iliyo wazi. Alijikaza kisabuni. Mkewe akavaa glovu, akafunga mpira, akapaka spiriti. Vidole viwili vikaja mahali pake pa jioni, na fundi, Mungu amsamehe, hata katika hofu ile alivifurahia. Sindano ikaingia. Ikauma. Haikutoka kitu. Mkewe akaisogeza kidogo, akasubiri, hakuna, akaichomoa na kubana pamba.

"Imebaki moja," alisema mwalimu.

Mshipa ulikuwa umekimbia. Hofu huifanya mishipa ijifiche, mkono wa fundi ulikuwa baridi na umekaza kama ubao. Mkewe aliinama, akauhamia mkono wa pili, wa kulia, asioujua, kisha akabadili mawazo, akaurudia wa kushoto, chini kidogo ya pale alipokosa. Akaanza kupapasa upya. Aliongea chini chini, midomo haichezi, mtu wa pembeni angedhani anahesabu.

"Ulikuja kutengeneza kiti?"

Angeweza kusema ndiyo. Mlinzi angemtetea.

"Nilikuja kukuvizia," alisema.

Vidole vikasimama.

"Kwa kosa gani?"

"Ulikuwa unanishika."

Mkewe aliinua macho. Alimtazama muda ambao wengine waliuona wa kutafuta mshipa. Machoni mwake kulikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kilichomuumiza fundi zaidi, alikuwa anamhurumia. Fundi akahisi mkono wake unalegea wenyewe. Alikuwa ameshasema, hakuna tena cha kukaza.

"Geuza uso," mkewe alisema. "Tazama ukutani."

Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya mtu asiye na ngozi, mishipa yake yote nje, myekundu na ya bluu, na uso wake umetulia tuli. Fundi alimwonea wivu. Alimtazama mpaka aliposikia mwalimu anasema vizuri, na alipojisahau akageuka, kichupa kilikuwa kimejaa, mpira umefunguliwa, na mkewe anambandika plasta kwa dole gumba. Watu walipiga makofi. Mkewe hakuwatazama. Alikuwa anaandika lebo, mkono hautetemeki.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Mkewe ndiye aliyeanza. Alisema alificha kwa sababu aliambiwa mambo ya sindano mumewe hataki kuyasikia nyumbani kwake, naye alihakikisha hayasikii. Mpira aliuweka chini ya mto kwa sababu usiku huufunga kwenye mguu wa kitanda akijifunza kukaza na kufungua. Sasa yeye ajieleze. Fundi akaeleza yote: mikono mirefu, alama ya bluu, meza isiyokuwepo, dada, Vyuma, kikao. Kwenye kikao mkewe alisimama barabarani.

"Mlikuwa mnirudishe kwetu?"

Fundi alihamishia mfuko wa vifaa bega la pili. Baadaye kidogo naye alikuwa na swali, akaliuliza huku anatazama viatu.

"Ulisema nadhani ni mapenzi."

"Ulisikia."

"Nilisikia."

Mkewe aliendelea kutembea. Hakusema alitania, wala hakusema ilikuwa kweli, na fundi hakuwa na haki ya kudai jibu siku hiyo.

Jumapili dada alifika na baba mdogo, wote wamevaa nguo za kikao. Fundi aliwakaribisha kwenye lile kochi, springi zikafanya kazi yake, na kabla hawajakaa sawasawa akawatangazia kwamba wifi amefaulu. Akakunja shati kuwaonyesha plasta, ambayo ilikuwa imeshachakaa na aliyokataa kuibandua. Baba mdogo alimpongeza mkwe na kuomba chai. Dada alimtazama kaka yake kwa masikitiko makubwa, akasema kwa hiyo amekutoboa na bado unamsifia, kisha naye akaomba chai.

Mkewe akapata kazi kwenye zahanati. Mikono mirefu ikaisha, mabaka yakafutika. Alirudi jioni amechoka, ameshika mikono ya watu kutwa nzima, akala, akaketi upande wake wa kochi, akatazama habari. Mkono wa kushoto wa fundi ulilala palepale juu ya kochi na hakuna aliyeuchukua. Haukuwa tena na kazi. Fundi aligundua kwamba anausogeza, kidogo kidogo, kila jioni, kuelekea katikati. Hakuwahi kufikiri mtu anaweza kukosa kitu ambacho alikuwa anakishuku. Akalitengeneza kochi. Akaweka springi mpya, sponji nene, kitambaa cha rangi anayoipenda mkewe. Mkewe alikalia, akasema limetoka zuri, akaendelea na habari.

Basi jioni moja fundi akapiga moyo konde. Alikunja mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko, akauchukua mkono wake mwenyewe, akaulaza mapajani mwa mkewe.

Mkewe aliutazama mkono, akamtazama yeye.

"Mimi nimeshafaulu," alisema.

"Najua."

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Sasa nini?"

"Ushike tu."

Mkewe alizima televisheni. Alikunja uso, uso uleule fundi aliokuwa nao wiki zile za mikono mirefu, akaanza kumkagua kuanzia nywele mpaka kola.

"Kwanza kochi," alisema polepole. "Sasa mkono. Umefanya nini, baba watoto?"

Fundi aliapa hajafanya kitu. Mkewe akateremsha vidole viwili mpaka kwenye kifundo cha mkono wake, akabonyeza, akafumba macho, akasikiliza.

"Moyo unakwenda mbio," alisema. "Unanificha kitu."

Alikuwa anamficha, tena miaka mingi, neno lile asilozoea kulisema, na sasa lilikuwa linapiga kwenye vidole vya mkewe na hakujua kulitoa. Alisema kwamba jioni zile alizizoea. Mkewe alifungua jicho moja kumtazama. Hakumwamini, lakini mkono hakuuachia.